Iko Wapi na Ni Ipi: Uhakiki wa Mipango ya Kuzipa Diski Majina

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita zaidi katika nomino za kawaida. Mashine yenyewe iitwe kompyuta, kama wasemavyo wengi, au tarakilishi, kama ilivyozoeleka katika vitabu vya shule nchini Kenya, au ngamizi, kama walivyopendekeza wengine? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, pamoja na kampuni ya Microsoft, iliyoipa Windows XP sura ya Kiswahili katikati ya muongo huo, walilazimika kuyajibu maswali mengi ya namna hiyo. Kazi yao ilikuwa ya lazima.

Hata hivyo, ndani ya kompyuta zimo pia nomino za pekee. Diski moja huitwa C na nyingine D. Katika mfumo mwingine ya kwanza huitwa sda na ya pili sdb. Haya si majina ya aina ya kitu, bali ni majina ya kitu kimoja kimoja, kama vile Fatuma au Mwinyi yalivyo majina ya mtu mmoja mmoja. Menyu zilipofasiriwa, majina haya yaliachwa yalivyo, kwa kuwa yalidhaniwa kuwa ni alama tupu zisizohusiana na lugha. Dhana hiyo ndiyo inayohakikiwa hapa.

Madai ya makala haya ni kwamba yapo maswali mawili ambayo Kiswahili huyatenga bila taabu, na ambayo mipango mingi ya majina imeyachanganya: "Iko wapi?" na "Ni ipi?" Jawabu la swali la kwanza hubadilika kila kitu kinapohamishwa, jawabu la swali la pili halina budi kudumu. Mpango unaolitumia jawabu la "iko wapi" kana kwamba ndilo jawabu la "ni ipi" ni mpango mbovu, hata kama ni mwepesi kutamkwa. Neno diski linatumika hapa kwa vyombo vyote vya kuhifadhia: diski ngumu, flashi na memori kadi.

Herufi na masalia yake

Desturi ya kuzipa diski herufi ina umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani. Ilikuwamo katika mifumo ya IBM ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Gary Kildall akaitumia katika mfumo wake wa CP/M mnamo 1974. Kisha ikarithiwa na MS-DOS, iliyotoka pamoja na kompyuta ndogo ya IBM mwaka 1981. Kompyuta hiyo iliweza kuwa na nafasi mbili za diski laini, A na B. Mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta yenye diski ngumu ndani yake, herufi iliyofuata ilikuwa C. Diski laini zimekwisha kutoweka mezani, lakini C haikusogea kuchukua nafasi ya A.

Mwanaisimu atakitambua kisa hiki. Ngeli ya PA katika Kiswahili imebakiwa na nomino moja tu, mahali, tena ya kukopwa kutoka Kiarabu. Lakini upatanisho wake ungali hai katika lugha nzima. Tofauti ni kwamba masalia ya sarufi huendelea kufanya kazi, ilhali A na B ni viti vilivyowekewa wageni wasiokuja tena. Yafaa pia kutaja kwamba katika tahajia sanifu ya Kiswahili c haisimami peke yake. Huja daima ikiwa imeshikana na h. Kwa hiyo, herufi mashuhuri kuliko zote katika majina ya diski ni ile ambayo msomaji hataikuta peke yake katika neno lolote sanifu la Kiswahili.

Hizo ni kasoro ndogo. Kasoro kubwa ni kwamba herufi haiifuati diski. Flashi iliyochomekwa katika kompyuta ya duka moja la Likoni yaweza kuitwa E. Jioni ile ile, ikichomekwa katika duka la Changamwe lenye mashine yenye vigawanyo vingi vya diski, itaitwa G. Ni kweli kwamba Windows 2000 na matoleo yaliyofuata hujitahidi kukumbuka herufi iliyopewa diski fulani na kuirudishia. Lakini kumbukumbu hiyo ni ya mashine moja. Diski ikivuka kwenda mashine nyingine huanza upya kama mgeni.

Madhara yake si ya kinadharia. Tuchukue mfano wa mtafiti wa lahaja anayerekodi sauti za wazee wa Jomvu, ambao usemi wao, Kijomvu, ni mojawapo ya lahaja ndogo za pwani ya Mombasa. Ana flashi mbili zinazofanana kwa sura na ukubwa: moja ina sauti hizo, nyingine haina kitu. Anataka kuiandaa upya ile tupu. Jana tupu ilikuwa E. Leo amezichomeka kwa mpangilio tofauti, na E ni ile yenye sauti. Akiamini jina, atawafuta wazee. Mfumo utakuwa umetii amri yake sawasawa, na kosa halitaonekana mpaka atakapotaka kusikiliza. Kwa idara za lugha ambazo sasa huhifadhi rekodi zake katika diski badala ya kanda, suala la majina ni suala la kudumu au kupotea kwa data ambayo pengine haiwezi kukusanywa tena, kwa sababu msemaji amekwisha kufariki.

Wabunifu wa MS-DOS wenyewe waliuhisi upungufu huu. Amri ya kuandaa diski upya, ilipoelekezwa kwenye diski ngumu iliyokuwa na lakabu, ilimtaka mtumiaji kwanza aiandike lakabu hiyo ndipo kazi ianze. Huko kulikuwa kukiri kwamba herufi haitoshi. Mtumiaji alikwisha kusema "C". Mfumo ukamjibu kwamba C ni mahali tu, basi ataje diski yenyewe. Inasikitisha kwamba busara hiyo ilitengewa amri hiyo ya hatari, haikuwa msingi wa mpango mzima.

Mti mmoja

Mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, ulifuata njia nyingine. Haukuwa na herufi za diski. Mafaili yote yamo katika mti mmoja wenye shina moja, na diski mpya hupachikwa kwenye tawi lolote analolichagua msimamizi. Msomaji wa faili hana haja ya kujua limo katika diski gani. Ubora wa mpango huu ni kwamba anwani ya maandishi imetenganishwa na chombo kilichoyabeba.

Lakini msimamizi mwenyewe, anapotaka kupachika, sharti aitaje diski kwa jina, na hapo tatizo la zamani hurejea. Katika Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, diski za aina moja ziliitwa hda, hdb na kuendelea, na za aina nyingine sda, sdb na kuendelea. Herufi ya mwisho huonyesha tu zamu ambayo diski ilitambuliwa. Ikiongezwa nyingine, au mashine ikiziona kwa mpangilio tofauti inapowashwa, sdb ya jana yaweza kuwa sdc ya leo. Aidha, kufikia mwaka 2007 mabadiliko katika kiini cha mfumo yalizifanya diski nyingi zilizokuwa hda ziitwe sda. Hakuna aliyezigusa, lakini mashine ambazo orodha yake ya kupachikia ilitaja hda hazikuweza kuipata diski yake mwenyewe.

Mfumo wa Solaris una adabu zaidi katika jambo hili. Jina kama c0t0d0s0 ni anwani iliyo wazi: hutaja kidhibiti, nafasi ya chombo, diski, na kigawanyo chake. Ni jina gumu kutamka, lakini halimdanganyi mtu. Linajibu "iko wapi" na halidai kujibu zaidi. Jina la sda halisemi wazi diski iko wapi wala ni ipi. Linasema tu kwamba ilitangulia kuonekana.

Ushahidi wa ng'ambo ya kisiwa

Kabla ya kuupima mpango uliofuata katika Linux, yafaa kuitazama jamii iliyozoea kwa muda mrefu vitu vinavyohama. Bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ni mahali ambapo watu na shehena huvuka kila siku, na majina yake yanaonyesha mbinu kadhaa za kulikabili tatizo lile lile.

Kwanza ni majina ya mahali. Likoni ni liko, mahali pa kupandia na kushukia chomboni, pamoja na kiambishi -ni. Kilindini ni kwenye kilindi. Majina haya hayamtaji mwenye mahali wala aliyepita hapo. Hutaja mahali penyewe, nayo hudumu kwa sababu mahali hapahami. Kwa kitu kisichohama, jina la mahali ndilo bora kuliko yote.

Pili ni majina ya vyombo. Feri za MV Likoni na MV Kwale zilianza kuvusha watu mwaka 2010. Majina yao yamekopwa kutoka mahali, lakini hakuna abiria anayedhani kwamba MV Likoni ikiwa imefunga upande wa kisiwani imeacha kuwa Likoni, wala kwamba MV Kwale itamfikisha Kwale. Jina la mahali likishapewa chombo hugeuka kuwa jina la chombo. Mtu akiuliza feri iko wapi hujibiwa kwa ng'ambo aliyoisimamia. Akiuliza ni ipi hujibiwa kwa jina lililoandikwa ubavuni. Majibu hayo mawili hayagongani.

Tatu ni majina ya watu. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ni mojawapo ya jumuiya za Thelatha Taifa katika muungano wa Taifa Kumi na Mbili za Mombasa. Mchangamwe anayeishi Mji wa Kale kisiwani ni Mchangamwe vilevile. Kiambishi cha M-/Wa- kimelitoa jina katika ngeli ya mahali na kulitia katika ngeli ya watu, na tangu hapo jina linaandamana na nasaba, si na makao.

Nne, na pengine ndio mfano ulio karibu zaidi na diski, ni kontena. Eneo la Changamwe lina bohari na yadi nyingi za makontena, na upande wake wa Kipevu kuna kituo cha pili cha makontena cha bandari, ambacho awamu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2016. Kila kontena hubeba herufi nne na tarakimu saba kufuatana na kanuni ya kimataifa. Herufi tatu za kwanza humtaja mwenye kontena, ya nne huonyesha aina ya chombo, tarakimu sita ni za mfululizo, na ya saba ni ya ukaguzi, ikikokotolewa kutokana na zilizotangulia ili karani akikosea kunakili kosa ligunduliwe. Mahali kontena lilipopangwa yadini huandikwa mbali na nambari hii. Likihamishwa mara kumi kwa siku, mahali hubadilika mara kumi, nambari haibadiliki. Tena nambari hiyo ni ya sanduku, si ya mzigo. Mzigo una hati yake. Hivyo pamekuwa na mambo matatu, kila moja na jina lake: mahali, chombo, na yaliyomo. Kama karani wa Changamwe angeyaita makontena kwa mafungu yaliyopangwa siku hiyo tu, bandari isingefanya kazi hata wiki moja. Watumiaji wa kompyuta wametakiwa kuishi na mpango wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Mwisho ni jina la mazoea. Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ilipewa jina la Mwingereza Bartle Frere. Watu wa Mombasa wanapaita vilevile Kengeleni, kwa sababu ya kengele iliyopo hapo. Jina la kwanza lilitoka kwa wenye mamlaka, la pili kwa wapitao njia. Yote mawili yamedumu, lakini ni la pili tu ambalo mgeni akifika ataiona sababu yake kwa macho.

Majina manne ya Linux

Mwaka 2000 Linux ilijaribu mpango wa devfs, uliozipa diski majina marefu ya kueleza njia nzima ya kuifikia. Mpango huo uliondolewa mwaka 2006, baada ya nafasi yake kuchukuliwa na udev, ambao Greg Kroah-Hartman aliutangaza mwaka 2003. Wazo kuu la udev ni kwamba kiini cha mfumo kisiwe ndicho kinachoamua majina. Kazi hiyo ifanywe nje yake kwa kanuni ambazo msimamizi aweza kuzibadilisha. Matokeo yake ni kwamba diski moja huweza kuwa na majina manne pamoja na lile la sda: la njia inayopitiwa kuifikia, la mtengenezaji na nambari yake ya kiwandani, la nambari ya pekee inayotolewa diski inapoandaliwa, na la lakabu aliyoipa mwenyewe.

Kwa mizani ya Changamwe, jina la kwanza ni la mahali, la pili ni la chombo, la tatu ni la yaliyomo. La nne ni la mazoea, ndilo Kengeleni yake. Huu ndio mpango ulio kamili kuliko yote iliyotajwa hapa, na sifa yake ni kwamba umekataa kulipa jina moja kazi nne.

Hata hivyo, una mapungufu matatu. Nambari ya pekee, inapokuwa ya biti 128, huandikwa kwa alama 32 zilizotengwa kwa vistari vinne. Hakuna awezaye kuitamka kwa simu. Tena mtu akiinakili diski nzima alama kwa alama, nambari nayo hunakiliwa, na pacha wawili hubaki na jina moja. Lakabu nayo ni fupi mno. Katika muundo wa FAT, unaotumika sana katika flashi, haizidi alama 11; katika ext4 ni 16. Maneno "Sauti za Kijomvu", pamoja na nafasi zake, ni alama 16 kamili: yanaenea katika ext4 na kukatika katika FAT. Lugha ya maneno marefu kama Kiswahili huumizwa na mpaka huo kuliko Kiingereza. Pungufu la tatu ndilo kubwa: majina haya mema yamewekwa kando, na jina linalomkabili mtumiaji kwanza katika maelekezo mengi lingali sda.

Sarufi kama mwamuzi

Mtetezi wa herufi atasema kwamba E ni fupi, kila mtu huiweza, na lakabu hugongana, kwa kuwa flashi nyingi hubaki na jina la kiwanda chake. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini jamii ya pwani haikuwahi kulitatua tatizo la majina yanayogongana kwa kuwaita watu kwa viti walivyokalia. Darasani wakiwamo akina Mohamed watatu, huongezwa jina la baba, na ikilazimu la babu. Lakabu ikigongana, iongezewe nambari fupi; ile ya FAT ina alama nane tu, nayo yatosha kuwatenga wawili walio mezani.

Hapa ndipo mwanaisimu ana la kuchangia zaidi ya kufasiri menyu. Sura ya Kiswahili ya mfumo wowote ingeweza kuionyesha diski hivi: KIJOMVU, 4A3C-91F0, mlangoni pa kwanza. Sehemu mbili za mwanzo ni jina; ya tatu ni mahali, na upatanisho wa pa- unamjulisha msomaji, bila maelezo mengine, kwamba hapo pametajwa mahali, si kitu. Kiingereza hakina kiambishi cha kufanya kazi hiyo. Herufi yaweza kubaki kwa wanaoihitaji, mradi iandikwe upande wa mahali: "iliyopo E", wala si "diski E". Na amri yoyote ya kufuta iulize "ni ipi" kabla ya kuanza, kama MS-DOS ilivyofanya kwa diski ngumu.

Hitimisho

Mpango wa majina ukishakubaliwa huwa mgumu kuondoa. Wasomaji wa jarida hili wanakumbuka kwamba mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, penye wasemaji wa Kimvita, na kwamba uamuzi huo wa siku chache umetawala vitabu kwa karibu karne nzima. C imetawala tangu 1983 kwa sababu ndogo kuliko hizo. Wataalamu wa Kiswahili hawakuulizwa wakati herufi zilipochaguliwa. Lakini kila mfumo unapopewa sura ya Kiswahili huulizwa, na mpaka sasa wamejibu kwa kufasiri maneno yaliyoizunguka herufi na kuiacha herufi yenyewe.

Kazi inayobaki yaweza kuanzia karibu. Idara za lugha zinazohifadhi rekodi za lahaja hazihitaji kumngoja mtengenezaji wa mfumo. Zaweza leo kuipa kila diski lakabu yake, kuinakili nambari yake ya pekee katika daftari la maktaba pamoja na nambari ya kiwandani iliyoandikwa ubavuni, na kukataa kuandika katika daftari hilo herufi yoyote ya mahali. Daftari la namna hiyo litasomeka hata mashine iliyozirekodi sauti ikiwa imekwisha kutupwa.